Gelasius Kasonso na Majina Arobaini na Matatu ya Barabara ya Sitalike

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Nsemulwa, na nyie mliosafiri kutoka Usevya, Sitalike na Kapalamsenga, mimi ni Yohani Kasonso, mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake kabla hatujamshusha kaburini leo Ijumaa, tarehe 19 Oktoba 1979. Karatasi niliyopewa na wazee ilikuwa fupi kuliko hii, nimeongeza mwenyewe, na sababu ya kuongeza mtaisikia mahali pake.

Marehemu Gelasius Kasonso alizaliwa Usevya, katika nchi ya Mpimbwe, tarehe 18 Novemba 1921, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Thadei Kasonso, mkulima wa mpunga, na mama yetu Esteria, akabatizwa siku tatu baadaye, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa ya Mtakatifu Gelasius, padre hakuhangaika kutafuta jina jingine. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Usevya kuanzia mwaka 1931 hadi 1935, akafika darasa la nne, akawa na mwandiko mzuri ambao walimu waliutumia kuandikia ubao wa mahudhurio, lakini mwaka 1936 baba yetu alifariki kwa homa, mimi nikiwa na miaka minne, na Gelasius akaacha shule ili sisi tule. Mimi nilisoma mpaka nikawa karani. Kalamu niliyoishi nayo maisha yangu yote ilikuwa yake, aliiacha ili nipate mimi, nawaomba mlikumbuke hilo tunapoendelea.

Tarehe 4 Julai 1938 aliandikishwa kibarua katika genge la barabara lililopiga kambi Sitalike, wakati ile barabara kuu ya kwanza kutoka Mpanda kwenda upande wa Ufipa ilipokuwa bado ni alama za rangi kwenye miti. Vijana wa leo wanaipita barabara ile kwa lori nusu siku wakilalamika mashimo, lakini watu wa genge lile waliifungua kwa sululu, sepetu na karai, wakibeba kifusi kichwani, mbung'o wakiwauma mchana kutwa, na kila masika Mto Katuma ukifurika na kuchukua daraja la magogo walilolijenga kiangazi. Marehemu alifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa. Mwaka 1949 alifanywa nyapara wa genge, na waliofanya kazi chini yake, ambao nawaona wachache hapa mbele, wote mlioingia baada ya mwaka 1952, mtakubaliana nami kwamba hakuwahi kumpiga mtu, na kwamba mtu akiugua alimbeba yeye mwenyewe hadi penye gari.

Tarehe 15 Juni 1946 alifunga ndoa takatifu na Josefina, binti wa Kapalamsenga, ambaye wazazi wake hawakutaka mkwe wa kambini, wakisema watu wa barabara hawana kwao. Mungu aliwajalia watoto sita, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, wakabaki wanne, na wa mwisho ni Verdiana, aliyezaliwa mwaka 1955 na ambaye baba yake alimpenda waziwazi kuliko ilivyotakiwa.

Mwezi Machi 1967, wakiweka boriti kwenye daraja la Katuma, kamba ilikatika na gogo likamwangukia mguu wa kushoto, akalazwa miezi mitano, akatoka akichechemea, na kazi ikaishia hapo. Alihamia hapa Mpanda pamoja na familia yake. Mwaka wa kwanza alikaa tu. Shemeji Josefina anasema alikuwa akiamka alfajiri, anavaa nguo za kazi, anakaa kwenye kiti, na jua likipanda anazivua.

Ndipo mwaka 1969 alipoanza kukusanya vitu. Barabara ilipobadilishwa kuwa ya kilometa, mawe ya maili yaling'olewa na kutupwa porini, yeye akaenda kuyafuata moja moja kwa baiskeli ya kukodi, mguu ule ule mbovu, akaleta kumi na manne. Akatafuta usukani wa lori la kwanza lililoleta saruji Sitalike, akatafuta mnyororo wa wapima ardhi, majembe, sepetu na sululu za genge, kofia za chuma, toroli lenye gurudumu la mbao, na picha moja ya genge lote ambayo padre mmoja aliipiga mwaka 1941. Majirani mlimcheka, na mimi nilicheka pamoja nanyi. Nilimwambia, "Kaka, makumbusho huwekwa ngao za watemi, wewe unataka kutuonyesha sepetu?" Akanijibu, "Ngao hazikukuletea chumvi."

Alifyatua matofali mwenyewe, akayachoma, akajenga nyumba ya vyumba viwili mwisho wa mji, pale barabara inapotoka kuelekea Sitalike, kwa ruhusa ya mdomo ya bwana mmoja wa barabara ambaye baadaye alihamishwa, na tarehe 9 Desemba 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, akaifungua na kuiita Makumbusho ya Barabara. Siku ile wanafunzi walipanga mstari kuingia, viongozi wa mji walishika usukani na kupigwa picha, na marehemu alisimama mlangoni na shati jeupe akieleza kila kitu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baadaye.

Lakini jambo kubwa la nyumba ile lilikuwa ukuta wa chumba cha ndani. Katika miaka ya kuifungua barabara, tangu 1938 hadi 1952, genge la Sitalike lilizika watu arobaini na watatu, wengine kwa homa, wengine kwa malale, wengine kwa mto, wawili kwa baruti, mmoja kwa nyati, na makaburi yao yako pembeni ya barabara bila alama, mengine chini ya barabara yenyewe. Majina yao yalikuwa kwenye daftari za mahudhurio ambazo mchwa walikuwa wamezila nusu alipozipata. Aliyanakili yote kwa rangi nyeusi kwenye ukuta uliopakwa chokaa, kila jina na mwaka wake, kisha zile daftari zikamalizika kabisa, na mtu alipomuuliza kwa nini hakuandika kwenye karatasi, alisema karatasi ameuona mwisho wake, ukuta hauliwi.

Mwezi Agosti 1975 alifika pale mama mmoja anayeitwa Séverine, mmoja wa waliokimbia Burundi na kupewa makazi Katumba, alikuwa amekuja mjini kuuza mihogo na akaingia kujikinga jua. Hajui kusoma sana, alikuwa anafuata herufi kwa kidole, na alipokaribia mwisho wa ukuta akasimama. Akauliza, "Huyu Bartolomeo Ntahondi alikuwa mtu wa wapi?" Marehemu akamwambia alikuwa Mrundi, mtu mfupi, fundi wa kupanga mawe, alikufa kwa homa mwaka 1947. Yule mama akasema, "Baba yangu aliondoka kwenda kutafuta kazi nikiwa tumboni. Mama alikufa akisema ameoa huku." Akakaa chini sakafuni, na marehemu akakaa naye, na alinieleza jioni ile kwamba kama ukuta ule usingefanya kazi nyingine yoyote, ile moja inatosha. Sikuwahi kumwona kaka yangu mwenye furaha kama siku ile.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya wazee inasema, nasoma kama ilivyoandikwa, "Mwaka 1976 jengo lilibomolewa kwa sababu ya upanuzi wa barabara, na kutokana na kuchelewa kwa taarifa marehemu hakuweza kuokoa vitu vyote." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini taarifa haikuchelewa yenyewe. Aliyeichelewesha ni mimi.

Wakati ule nilikuwa karani katika ofisi iliyosimamia kazi ile, na Jumatano tarehe 27 Oktoba 1976 nilipewa barua iliyoeleza kwamba nyumba iko ndani ya eneo la barabara, na kwamba mwenye nyumba ana siku kumi na nne za kuondoa mali yake. Niliambiwa, "Ni ndugu yako, mpelekee wewe, itakuwa rahisi." Verdiana alikuwa anaolewa Usevya Jumamosi ya tarehe 6 Novemba, mchele ulikuwa umeshatwangwa, marehemu alikuwa ameshonewa suti ya kwanza maishani mwake, na mimi nikaona nisimharibie, nikaiweka barua kwenye droo ya meza yangu, nikasema nitampa harusi ikiisha. Nilidhani pia kwamba wakubwa wanaweza kubadili mawazo. Na zaidi ya yote niliogopa uso wake. Nilicheza ngoma harusini nikijua iko ndani ya droo.

Mvua ilinyesha, lori likakwama njiani siku nzima, tukarudi Mpanda Jumanne tarehe 9 mchana. Nilimpelekea barua saa kumi jioni. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Kesho?" Nikasema, "Kesho." Alimwita shemeji Josefina, akakopa toroli la jirani, na mpaka giza lilipoingia walikuwa wamehamisha usukani, kofia, mnyororo, picha, majembe, sepetu na sululu, lakini mawe ya maili yalikuwa yamejengewa sakafuni kwa saruji, na ukuta ni ukuta.

Asubuhi ya Jumatano mtambo wa kubomolea ulifika saa mbili. Dereva aliitwa Manyanda, mtu wa Shinyanga, kijana mwenye adabu, na sina neno baya juu yake. Kaka alimwendea akichechemea, akamwambia, "Mwanangu, nipe siku tatu nitoe ukuta." Manyanda akasema, "Mzee, ukuta unatolewaje?" Kaka akasema, "Basi nipe muda niandike." Manyanda alizima mtambo, akashuka, akamshikia hata mwavuli mpaka mlangoni, maana mvua ilianza tena, na marehemu akaingia ndani na daftari la shule akawa ananakili majina, kwa ule mwandiko wake mzuri ambao haukujua kukimbia. Mimi nilikuwa nje. Ningeweza kuingia nikaandika upande wa pili, tungemaliza wote wawili kwa nusu saa, ndiyo kazi yangu, nimeandika majina ya watu miaka ishirini na tano. Nilisimama chini ya mti nikiangalia.

Alikuwa amefika jina la thelathini na moja ilipokuja Landrova ya msimamizi. Msimamizi akauliza kwa nini mtambo umezimwa, Manyanda akaeleza, yule bwana akasema kifusi kinasubiriwa na mvua haisubiri mtu. Walimtoa kaka kwa mkono, taratibu, hawakumdhalilisha. Ukuta ulianguka mara moja, kwa ndani, na chokaa ikageuka uji mweupe kwenye mvua. Siku hiyo hiyo matofali na yale mawe kumi na manne yalisombwa yakajaza bonde dogo lililo mbele ya pale, ambalo nyie mliotoka upande wa Sitalike mlipita juu yake mkija msibani.

Majina kumi na mawili yalibaki ukutani. Marehemu alikaa wiki nzima akijaribu kuyakumbuka, akapata mawili. La tatu, la Bartolomeo, alilikumbuka kwa sauti tu, herufi zake alizipata kwa Séverine, ambaye Desemba ile alikuja na kaka yake kutoka Katumba, wametembea kwa miguu ili yule kaka naye aone jina la baba yao, wakakuta barabara. Marehemu aliwakaribisha nyumbani. Séverine ndiye aliyesema, "Usihangaike, mzee. Mimi nilimwona. Kaka yangu nitamsimulia." Kisha akamtajia herufi jinsi alivyozikumbuka kwa kidole chake, na kaka akaandika. Lakini yule ndugu wa Séverine aliangalia ile barabara tu, na alipoondoka hakuaga.

Mwaka 1977 na 1978 marehemu alitumia nguvu zake zilizobaki kuyatafuta majina mengine tisa. Alikwenda Sitalike, akaenda Kibaoni, Usevya na Kapalamsenga, akiuliza wazee kama kuna mtu wao aliyekwenda kambi ya barabara asirudi, na vijiji vilikuwa vimehamishwa, watu hawako walipokuwa, aliyemtafuta kilimani alimkuta bondeni au hakumkuta kabisa. Alipata mawili. Nilimsindikiza safari moja ya Sitalike, na njiani aliniambia jambo ambalo limeniondolea usingizi. Alisema, "Yohani, umeona waliopatikana? Wote wana watu hapa. Hawa saba hawakuwa na mtu. Walitoka mbali, walikuja peke yao, mtu wao nilikuwa mimi." Nyuso alizikumbuka. Katika daftari aliandika namba moja hadi arobaini na tatu, na pale ambapo jina halipo aliandika alichokuwa nacho, nami nasoma, "Namba thelathini na tatu, mrefu, alizama Katuma kabla hajamaliza wiki. Namba thelathini na tano, aliimba. Namba thelathini na nane, alikuwa na barua mfukoni, hatukuwa na wa kutusomea lugha ile."

Vile vitu vidogo vilivyookolewa vilikaa barazani kwake hapa Nsemulwa. Alitembea ofisi kadhaa kuomba chumba, akapokelewa vizuri kila mahali, akaambiwa aandike barua, akaandika. Kiangazi cha 1978 alitoa majembe, sepetu na sululu akawagawia majirani, na shemeji alipomuuliza kulikoni, alisema, "Zichukueni, zina makali bado." Tangu siku ile hakuzungumza tena habari za makumbusho, wala hakuwa anavaa nguo za kazi. Alikuwa anakaa ameipa barabara mgongo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi mwezi Aprili mwaka huu wa 1979, akalazwa mara mbili, waganga wakasema moyo umechoka na maji yamejaa mapafuni, akaruhusiwa, akarudi, na tarehe 2 Oktoba akalazwa mara ya mwisho. Alhamisi tarehe 11 tulibaki wawili kando ya kitanda, nikamwambia. Nilimwambia habari ya droo, ya siku kumi na tatu, yote. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Najua. Tarehe iko juu ya barua." Nikamuuliza kwa nini miaka mitatu hakusema kitu. Akasema, "Ningesema, ungeacha kuja." Nikamwomba anisamehe. Aliomba maji, nikampa, nikangoja. Aliishi siku sita zaidi, tukazungumza mvua, mpunga wa Usevya, mtoto wa Verdiana aliyeota meno, na lile jambo hakulirudia, wala mimi sikuthubutu. Alifariki Jumatano tarehe 17 Oktoba 1979, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba, mwezi mmoja kabla ya kutimiza hamsini na minane.

Jana nilimweleza shemeji Josefina, nikamwomba amtafute mtu mwingine wa kusoma. Akasema, "Soma wewe. Soma yote." Ndiyo maana mnaisikia hivi, na ndiyo maana wazee wangu mlioiandika ile fupi naomba msinikasirikie.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa, na daftari moja la shule lenye majina thelathini na sita na mistari saba. Tulifikiri kuzika daftari pamoja naye, Verdiana akakataa, basi litakaa kwake, ingawa hakuna anayejua tutalifanyia nini. Kama yupo kati yenu mwenye mtu aliyekwenda Sitalike miaka ile asirudi, aje tuzungumze baada ya mazishi. Nasema hivyo kwa sababu yeye angesema. Mimi mwenyewe sina matumaini, wanaojua wanakufa, leo tunamzika wa mwisho aliyekumbuka sura zao.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia hospitalini, waliokuwa wakimgeuza kitandani kwa upole bila kuombwa. Tunawashukuru majirani wa Nsemulwa kwa kuni, maji, na kulala nasi nje siku zote hizi. Tunawashukuru wazee wa genge la barabara waliochimba kaburi hili asubuhi kwa mikono yao, wakawakatalia vijana. Tunamshukuru Manyanda, ambaye alisikia habari akiwa kazini mbali, akaja, na amesimama kule nyuma. Tunamshukuru Séverine na watu wa Katumba. Tunamshukuru Baba Paroko kwa kumpa sakramenti akiwa na akili zake.

Gelasius, kaka yangu, ulinilea na sikukufaa. Lala utulie, Mungu akupokee, na hao saba, kama wako huko, utawauliza mwenyewe.